Bajeti ya uwanja wa nyumba: pesa ikipungua, punguza eneo, usiguse kina

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Nyumba tumemaliza na tumeshahamia, lakini nje bado ni vumbi na mabaki ya ujenzi. Nataka sehemu ya kuegesha magari mawili, nyasi, maua, miti michache, na ukuta mfupi nyuma ya nyumba ambako ardhi inapanda. Mvua ikinyesha, maji huja mpaka mlango wa jikoni. Nimeita mafundi wawili. Makadirio ya mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na fedha niliyoweka iko katikati yao. Nimesoma kwamba mtu atenge asilimia 10 ya thamani ya nyumba. Hiyo ndiyo bajeti sahihi? Na mke wangu anataka tuanze na nyasi ili watoto wapate pa kuchezea."

Habari ni njema, ndugu yangu, na hongera kwa kuhamia.

Nianze na hiyo asilimia 10, maana wengi huishikilia kama amri. Ni kanuni ya mezani tu. Inakuonyesha mahali ambapo matumizi ya nje yanaanza kupita kiasi ukiyalinganisha na nyumba yenyewe. Haijui kama kiwanja chako ni tambarare au kinateremka, kama lori linaingia mpaka nyuma au linaishia getini, kama chini kuna kichanga au mfinyanzi unaoshika maji. Nyumba mbili za thamani ileile zinaweza kupishana sana kwa gharama za nje kwa sababu tu moja imekaa mahali ambapo maji ya majirani yote hupita. Ichukue kama dari: hesabu yako ikiigonga, simama ufikiri upya. Hesabu yenyewe hutoka kwenye tepu.

Kwa hiyo tafuta tepu, vigingi, kamba na daftari. Pima uwanja wote kisha ugawe kwa matumizi. Hukunitajia vipimo, basi tuchukue uwanja wa mita za mraba 240 tuufanyie kazi: 40 za kuegesha magari, 30 za njia za miguu, 120 za nyasi, 50 za maua na vichaka. Tarakimu utabadilisha uweke zako. Njia ya kuhesabu ni hiyohiyo.

Ukishapima, subiri mvua. Nasema kweli. Toka na mwavuli wakati inanyesha, usingoje ikatike, upige kigingi pale maji yanapoingilia, kingine yanapopita na kingine yanaposimama. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipokea mvua ya milimita 50 linamwaga kama lita 7,500, na usipokuwa na gata zote zinadondokea kandokando ya msingi. Jumlisha na yale yanayoteremka kutoka nyuma. Hayo ndiyo yanayokubishia mlango wa jikoni, na hayo ndiyo ya kwanza kulipiwa katika bajeti yako, kabla hujachagua ua hata moja.

Mambo yakikauka kidogo, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, ulijaze maji, uyaache yazame yote, kisha ujaze tena. Sasa chukua rula upime maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita 3 mpaka 7, udongo wako unapitisha maji vizuri. Yasipofika hata sentimita 2 na nusu, una udongo mzito, na itabidi uweke fungu la mitaro au mabomba ya kutolea maji. Fanya jaribio hilo sehemu tatu tofauti. Linakugharimu jasho tu, na linaweza kugeuza bajeti nzima.

Jambo lingine la kupima ni mwinuko. Fundi yeyote wa ujenzi ana mpira wa leveli, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mwazime kwa saa moja. Udongo unaozunguka nyumba unatakiwa ushuke kama sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo kutoka ukutani. Kwa maelezo yako, nyuma kwako hali ni kinyume, ardhi inashuka kuelekea nyumbani. Maana yake kuna udongo wa kukatwa na kuondolewa, na huo una gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tutazame hiyo sehemu ya magari kwa karibu. Tofali la pevingi la kukanyagwa na gari huwa na unene wa sentimita 8. Chini yake kuna mchanga wa sentimita 3, na chini ya mchanga tabaka la kokoto lililoshindiliwa, sentimita 20. Jumla 31. Kama usawa wa juu utabaki ulipo sasa, unachimba sentimita 31 kwenye mita za mraba 40, yaani mita za ujazo 12.4. Udongo ukichimbuliwa huvimba, kwa robo hivi, kwa hiyo kinachoondoka ni kama mita za ujazo 15 na nusu. Uzito wake unakaribia tani 20. Kama kazi itafanywa kwa mikono bila mashine, hizo ni safari zaidi ya 200 za toroli, na bado hujaanza kuingiza kitu. Kokoto inarudi kwa njia hiyohiyo: mita za ujazo 8 zilizoshindiliwa, ambazo kwa kununua ni kama 10 kwa sababu hukaa chini zikishindiliwa. Matofali ya sentimita 20 kwa 10 yanaingia 50 kwenye kila mita ya mraba, yaani 2,000, na utaongeza asilimia 5 ya kuvunjika na kukatwa, au 10 kama unataka mkunjo au mpangilio wa mshazari.

Ukitazama hesabu hiyo utaona kwamba tofali lenyewe, kile kitu unachokwenda kuchagua rangi dukani, ni robo tu ya kina. Robo tatu zimo chini. Hapo ndipo makadirio mawili ya kazi moja yanapoachana. Fundi wa bei ya chini mara nyingi hakudanganyi. Amehesabu kokoto ya sentimita 8 badala ya 20, akaacha kushindilia kwa mashine, na kifusi atakirundika pembeni ya uwanja wako. Siku ya kumaliza, kazi hizo mbili zinafanana kabisa. Mvua mbili za nguvu zikipita, moja inaonyesha mistari miwili ya matairi.

Basi usirudi kwa hao mafundi kuuliza nani atapunguza. Wapelekee wote karatasi moja yenye vipimo vyako: eneo, kina cha kila tabaka, idadi ya matofali, udongo wa kutoka na kuingia kwa mita za ujazo. Waombe waweke bei mbele ya kila mstari, vifaa peke yake na ufundi peke yake. Uliza nani anaondoa kifusi na kinakwenda wapi. Uliza kushindilia kunafanywa kwa mashine gani, na kwa tabaka za unene gani. Kokoto ikimwagwa sentimita 20 kwa mpigo, mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono hushindilia juu tu na chini kunabaki laini. Uliza mche ukifa ndani ya miezi mitatu ni wa nani. Ukiona mstari umeandikwa "kazi nyinginezo", mwombe aufungue. Mara nyingi tofauti iliyokushtua itapungua sana, na pengine yule wa bei ya juu atakuwa ndiye nafuu.

Ukuta nao una hesabu zake, na hapa sina mzaha. Msukumo wa udongo kwenye ukuta hauongezeki sambamba na urefu. Ukuta wa mita 2 hausukumwi mara mbili ya ule wa mita 1. Unasukumwa mara nne, na nguvu ya kuupindua chini ni mara nane. Ndiyo maana ukuta uliobeba udongo vizuri ukiwa mfupi huanguka ukiongezwa kozi chache tu, yaani mistari michache ya tofali au mawe. Maji yakijaa nyuma yake hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo ndani ya bei ya ukuta lazima uone kokoto ya kupitishia maji kwa nyuma, kitambaa cha kuzuia udongo usiizibe, bomba lenye matundu chini, na matundu ya kutolea maji usoni pa ukuta. Kama vitu hivyo havimo kwenye makadirio, bei hiyo ni ya ukuta wa mpaka, haikuhesabiwa kwa ukuta wa kuzuia udongo. Ardhi ikipanda zaidi ya mita moja, fikiria ngazi mbili za kuta fupi badala ya ukuta mmoja mrefu, na uziache zikae mbali, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa ukuta wa chini, ili wa juu usimlemee mwenzake. Sehemu nyingi pia zinataka kibali au mchoro wa mhandisi ukuta ukizidi takriban mita moja. Ulizia mapema, kwani ada na muda wa kusubiri navyo ni sehemu ya bajeti.

Sasa mgawanyo. Kwa uwanja wenye mteremko, ukuta na maegesho kama wako, fedha yote ikiwa mafungu 100, mimi ningeanza hivi: 3 ya vipimo na mchoro, 20 ya kusawazisha ardhi na njia za maji, 40 ya ukuta na pevingi, 7 ya mabomba na nyaya, 15 ya udongo mzuri na mimea yote, na 15 zilizobaki hazina jina. Hiyo ni tathmini yangu kutokana na kazi nilizozifanya. Uwanja tambarare usio na ukuta utageuza mafungu haya, na mimea itapata nafasi kubwa zaidi. Nimeyataja ili uone kwamba kile ambacho wageni watasifia, nyasi na maua, huchukua sehemu ndogo kuliko kile ambacho hakuna atakayekiona.

Hizo 15 zisizo na jina ni akiba ya dharura. Kwenye ardhi tambarare unayoijua, 10 zinatosha. Kwenye mteremko au penye mabaki ya ujenzi, hata 20 si woga. Wajenzi wana tabia ya kufukia. Kuna uwanja mmoja niliupokea mapema katika kazi yangu, juu ulikuwa safi kama sahani. Kibarua akapiga sururu, ikarudi na mlio. Tukakuta slabu za zege zilizovunjwa, mifuko ya saruji iliyoganda, nondo zilizopinda, mpaka usawa wa goti, karibu nusu ya eneo la nyasi. Bajeti haikuwa na akiba hata kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Siku hizi kabla ya kutaja bei nachimba mashimo sita. Nawe chimba, na hasa pale palipokuwa na mashine ya kuchanganyia zege.

Lakini akiba hiyo usiitumie kwa mawazo mapya. Ukitamani kibanda cha kupumzikia katikati ya kazi, hiyo si dharura. Kiandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kingoje zamu yake.

Nikija kwenye kubana matumizi, ambako najua ndiko utakakofika, maana fedha yako iko katikati ya makadirio mawili: ikipungua, punguza eneo na usiguse kina. Maegesho ya mita 40 yaliyofanywa nusu kina utayang'oa. Maegesho ya mita 28 yenye kina chake kamili utayaongeza mwakani kwa kuunganisha tu. Gari la pili litasimama kwenye kokoto kwa muda, halitalalamika. Vivyo hivyo kwa nyasi: ni afadhali mita 60 zenye udongo mzuri wa sentimita 15 kuliko 120 zilizotandazwa juu ya kifusi na kunyunyiziwa udongo wa kupaka rangi. Nyasi za namna hiyo huwa kijani kwa miezi michache, kisha zinapata upele.

Mimea ndiyo rahisi kubana bila kuumia. Vichaka ukivipanda kwa nafasi ya mita moja kwenye mita za mraba 50 unahitaji 50. Ukitaka paonekane pamejaa siku hiyohiyo na kuvipanda kwa nusu mita, unahitaji 200. Nafasi umeipunguza nusu, miche imekuwa mara nne, na baada ya miaka mitatu utang'oa mingi kwa sababu inabanana. Panda kwa nafasi ya utu uzima, na katikati weka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, ya sentimita 5 mpaka 7, au maua ya msimu. Miti nayo nunua midogo. Mti mkubwa uliohamishwa umepoteza sehemu kubwa ya mizizi yake na utakaa muda mrefu ukijiuguza, wakati mdogo aliyepandwa siku hiyohiyo anashika na kuanza kumfukuzia. Isitoshe, mdogo akifa hulii.

Usisahau gharama ya kuishi na huo uwanja. Wakati wa kiangazi nyasi huhitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki. Mita za mraba 120 mara lita 25 ni lita 3,000 kila wiki. Tazama bili yako ya maji au ujazo wa tangi lako, halafu uamue ukubwa wa nyasi. Ongeza kukata, matandazo yanayooza na kutaka kujazwa kila mwaka, na kumwagilia miti kwa miaka miwili ya mwanzo. Nimeona uwanja mzuri ukifa kwa sababu hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi.

Kuhusu kufanya kwa awamu: ni sawa kabisa, mradi mpangilio ufuate uzito. Kinachohitaji lori na mashine kiende kwanza, kinachobebeka mkononi kije mwisho. Ardhi na maji, kisha ukuta, kisha mabomba na nyaya, kisha pevingi, kisha udongo na mimea, kisha taa na viti. Kabla pevingi haijatandazwa, laza chini yake bomba mbili tupu za plastiki kutoka upande mmoja hadi mwingine, zizibwe mdomo, na uandike ziko mita ngapi kutoka pembe ya nyumba. Siku ukitaka kupeleka maji au taa ng'ambo utapitisha humo. Niliwahi kusahau bomba moja kama hilo. Ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwenye orodha nzima, na siku tatu za watu wanne zilikwenda kung'oa na kurudisha matofali yaliyokuwa mapya.

Malipo yafuate awamu hizohizo. Toa ya awali ya kuanzia vifaa, kisha lipa hatua ikikamilika na ukishaipima kwa rula. Kina cha kokoto kipime kabla ya mchanga kumwagwa, maana ukishamwagwa unabaki na maneno ya fundi. Bakiza sehemu kidogo mpaka mvua ya kwanza ipite.

Sasa mwambie shemeji kuhusu nyasi. Tukianza na nyasi uwanja mzima, lori la kokoto litapita juu yake, kisha la mawe ya ukuta, na utakuwa umezinunua mara mbili. Ila watoto nao hawawezi kusubiri ukuta. Chukua vile vigingi vyako, tafuta kona ambayo maji hayapiti na ambayo hakuna toroli litakalokatiza mpaka kazi iishe, hata kama ni mita 5 kwa 6. Chimbua kwanza uhakikishe hakuna zege, weka udongo wake wa sentimita 15, izungushie kamba ili vibarua wasimwage mchanga juu yake, na hapo panda nyasi wiki hiihii.